Mzunguko wa Orrin Tvedt

Asubuhi ya Jumamosi ya rodeo, yale mashindano ya kukaa sekunde nane juu ya farasi mkali bila kuangushwa, Verlene Tvedt aliketi kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa kanisa, akipaka mafuta viatu virefu vya marehemu mumewe. Ndani, akina mama wenziwe walikuwa wakikata paja la nguruwe la kuokwa na kubishana juu ya chumvi katika saladi ya viazi. Orrin, aliyekuwa dereva wa lori la mifugo, alifariki mwezi wa Aprili. Verlene alikuwa na haja moja tu siku hiyo: mumewe apewe mzunguko.

Huko Wyoming, mtu wa farasi akifa, farasi mwenye tandiko tupu huongozwa kuuzunguka uwanja kabla ya mashindano, viatu vya marehemu vikiwa vimetiwa katika vikuku vya kukanyagia vya tandiko, vidole vikielekea nyuma. Watu husimama wakavua kofia. Asiyepewa mzunguko huo huhesabiwa kuwa alipita njia tu.

Mwenye neno la mwisho alikuwa Boyd Kessler, mwenyekiti wa kamati ya rodeo. Farasi wakali wa mashindano walikuwa mali yake, na lori aliloendesha Orrin lilikuwa lake pia.

"Mama Tvedt, mimi sina kinyongo," Boyd alimwambia alipopita pale ngazini. "Lakini mzunguko unataka farasi wa marehemu mwenyewe. Orrin alikuwa na farasi gani? Alikuwa na lori langu."

"Aliwapenda, Boyd. Unajua alivyowapenda."

"Hata mimi napenda mvua, mama. Nani kaniita wingu?"

Ilikuwa kweli kwamba Orrin hakupata kumiliki farasi. Ua wa nyumba yao haukutosha hata kuku. Na kila mwaka, Jumamosi ya rodeo, Boyd alimtuma kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kuwapeleka machinjioni farasi waliozeeka wasiweze tena kumwangusha mtu. Hivyo mtu aliyeipenda rodeo kuliko chakula hakuiona hata mara moja tangu alipooa.

Verlene alivichukua viatu akaondoka. Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya uwanja, na tela lake lilikuwa tupu tangu msiba. Alipolipita alisikia kwato zikigonga ndani. Akaufungua mlango, kama afunguavyo mtu aliyebishiwa hodi.

Akatoka farasi jike wa kijivu aliyeitwa Mama Mkwe. Akafuata Kodi ya Mapato, mwekundu, mwenye sikio lililopasuka. Akafuata Askofu. Kisha wakatoka wote aliowapeleka Orrin machinjioni katika maisha yake, kutoka katika tela lisiloweza kubeba zaidi ya dazeni, wanene, wanang'aa, wakirusha mateke kwa furaha. Waliijaza barabara kuu. Walipofika kwenye taa nyekundu walisimama. Ilipokuwa kijani wakaendelea. Kundi moja likaingia ukumbini.

"Futeni kwato!" alisema mke wa mchungaji. "Mnadhani hapa ni kwenu?"

Wakazifuta. Kodi ya Mapato akala saladi yote ya viazi, na ubishi wa chumvi ukaisha.

"Menyeni vingine," mke wa mchungaji akawaambia wenziwe. "Wageni ni wengi."

Wa mwisho kutoka katika tela alikuwa Orrin, katika shati alilozikwa nalo, miguu mitupu.

"Verlene, viatu vyangu umeviweka wapi?"

"Hivi hapa. Umekonda, mume wangu."

"Chakula cha kule hakina mchuzi."

Akavivaa vidole vikielekea nyuma, kama desturi inavyotaka, akaingia uwanjani. Farasi walikuwa wamekwisha kuanza kuzunguka wenyewe, bila wa kuwaongoza. Watu walisimama wakavua kofia, kisha wakazirusha juu. Orrin alimpanda Mama Mkwe, akaangushwa. Akampanda Askofu, akaangushwa mbali zaidi. Kila farasi alitaka zamu yake, na kila Orrin alipotua kwenye vumbi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sekunde mbili, mabibi na mabwana!" mtangazaji alipaza sauti. "Na kwa maiti, si haba!"

Verlene alikuwa juu ya uzio, akipiga vigelegele kwa mara ya kwanza tangu harusi yake.

Wakati huo mkaguzi wa chapa, mzee Pruitt, alikuwa akifanya kazi yake. Alimpapasa kila farasi pajani, akasoma alama ya moto. Sheria ya huko ni kwamba mnyama ni wa mwenye chapa, na juu ya kifo sheria haisemi neno.

"Ni wako, Boyd," alisema. "Wote."

"Basi wapakieni," alisema Boyd. Hakuwa ameajiri dereva mpya, kwa hiyo akamgeukia Orrin. "Unaweza kuendesha?"

"Naweza."

Verlene akashuka kutoka kwenye uzio. "Orrin, umekufa. Huyu atakufanya nini tena? Mwache atafute mwingine."

"Nisipokwenda mimi," Orrin alisema, akijikung'uta vumbi, "atakwenda mtu asiyejua majina yao."

Akasimama kwenye mlango wa tela, akawaita mmoja mmoja. Nao wakapanda, kila mmoja kwa jina lake, wakaenea. Boyd aliutia komeo mlango kwa mkono wake, akasema kwamba dereva asiyehitaji usingizi ni baraka kwa kampuni, na kwamba kesho kutakuwa na shehena nyingine.

Verlene alimpitishia mumewe kahawa dirishani. Orrin akamshukuru, akaliwasha lori, akafungua redio apate kusikiliza, kwa maana rodeo yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.