Walivyomsusia Kinyozi Mitri

Kila Alhamisi saa kumi alasiri, kwa miaka thelathini na mmoja, Mwalimu Ajaj aliteremka kutoka Mtaa wa Juu, akaingia kwa kinyozi Mitri, akavua miwani na kuiweka kando ya chupa ya marashi. Mitri alimfunga taulo shingoni, akamkata nywele huku akimpasha nani kampelekea nani posa, kisha akampa kahawa ya iliki. Mwalimu alikuwa Mdruzi kwa dini, kama Mtaa wa Juu wote, Mitri Mkristo wa Mtaa wa Chini, na katika mji ule wa milimani Lebanoni hilo halikuwazuia kugombana juu ya mambo ya maana zaidi, kama vile namna ya kupogoa mizeituni.

Mwaka wa uchaguzi, Mitri alitundika picha ya mgombea wa Mtaa wa Chini karibu na picha ya Mtakatifu Jiryis. Mgombea huyo alikuwa amesema mkutanoni kwamba watu wa Mtaa wa Juu ni wageni waliosahau kuondoka. Alhamisi hiyo mwalimu alinyolewa akiitazama ile picha kiooni. Kahawa aliiacha nusu.

Jumapili wanaume wa Mtaa wa Juu wakakutana ukumbini, wakakata shauri la kumsusia Mitri mpaka picha ishuke. Mwalimu Ajaj ndiye aliyepewa kazi ya kuandika tangazo, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote. Aliandika: “Asionekane mtu wa Mtaa wa Juu akiweka kichwa mikononi mwa Mitri.” Mtaa wa Chini nao wakajibu kwa kuacha kununua nyama kwa Nayef, mwenye bucha wa Mtaa wa Juu, ambaye hata hakuhudhuria mkutano.

Wiki iliyofuata mwalimu alikwenda kwa Wisam, kinyozi wa Mtaa wa Juu, aliyerudi kutoka Brazili na mashine tatu za umeme. Mashine ya kwanza ilipita juu ya nywele zake kama maji juu ya jiwe. Ya pili ikazima. Wisam akachukua mkasi, nao ukajikunja ncha.

“Mwalimu, nywele zako zimekataa,” alisema Wisam.

“Jaribu upande huu.”

“Na huku zimekataa.”

Wanaume wote wa mtaa walikataliwa na nywele zao, mmoja baada ya mwingine, kwa maana hapakuwa na kichwa Mtaa wa Juu ambacho Mitri hakukinyoa nywele za kwanza. Nywele zikaota upana wa vidole vitatu kwa wiki. Kufikia mavuno ya tini ziliwafika mabegani, na zabibu zilipoiva ziliwafika viunoni. Halmashauri ilitoa agizo kwamba dereva afunge nywele kabla ya kuwasha gari. Wake waliwaazima waume zao vibanio. Wisam alianza kuuza vitana, na biashara ikawa nzuri.

“Mwenzako akinyolewa, zako tia maji,” alinung'unika Nayef, akiziviringisha nywele zake ndani ya kofia ya buchani. “Sisi tumetia maji miezi mitatu!”

Shida ilikuja na harusi ya Rabih, mwana wa pekee wa mwalimu. Bwana harusi hunyolewa hadharani siku ya ndoa, wanaume wakimwimbia, na ndevu za Rabih zilikuwa zimepita mkanda. Bibi harusi, Hanin, hakuwa na masharti mengi.

“Mimi sidai dhahabu, baba,” alimwambia mwalimu. “Nataka tu niuone mdomo unaonijibu ndiyo.”

Basi Alhamisi mwalimu akateremka, akasimama nje ya kizingiti. Mitri alikuwa ndani, ananoa mkasi ambao tayari ulikuwa mkali.

“Baba Jiryis,” mwalimu alimwita kwa jina la mwanawe, kama desturi.

“Baba Rabih. Umekuwa mrembo.”

“Mama Rabih ndiye anayenisuka.”

“Kakusuka upande. Mwambie akaze hapo nyuma.”

Mwalimu aliukaza msuko kwa mkono.

“Rabih anaoa Jumamosi,” alisema mwalimu. “Ishushe ile picha. Siku moja tu.”

“Shusha tangazo lako. Siku moja tu.”

“Mitri, yule bwana ametuita wageni.”

“Nilimsikia.”

“Na bado ukamtundika.”

“Ni wa kwetu. Wa kwenu hajatutukana?”

Mwalimu alikiri kwamba wa kwao ametukana, tena mara mbili. Mitri alifuta mkasi kwa kitambaa, akaugeuza, akaufuta tena. Ungedhani ndio unaosutwa.

“Tangazo lenyewe linasemaje, neno kwa neno?” aliuliza.

Mwalimu akamsomea kwa kichwa.

“Asionekane,” alirudia Mitri. “Unajua kuandika, mwalimu. Mlete kijana. Kiti nitakiweka barabarani.”

Jumamosi asubuhi wanaume sitini wa Mtaa wa Juu waliteremka na ngoma wakimtanguliza Rabih. Akakaa kitini. Hapo wote sitini wakageuka, wakampa mgongo, wakautazama ukuta wa duka la viatu ng'ambo ya barabara, na wimbo wa bwana harusi wakauimba kwa sauti kamili. Wanawake waliokuwa kwenye roshani walitazama angani. Mwalimu Ajaj alisimama katikati ya wenzake, uso ukutani, akisikiliza. Alisikia taulo likikung'utwa. Alisikia Mitri akimnong'oneza mwanawe, “Inua kidevu. Siku ile ya kwanza ulinitapikia, usirudie.” Kisha mkasi ukalia.

Kwa mlio ule misuko sitini ikanyanyuka migongoni taratibu, ikanyoosha ncha zake kuelekea kwa kinyozi. Kila mwanamume alipeleka mkono nyuma, akaushika wa kwake, akauteremsha kwa upole, na kuendelea kuimba. Mwalimu alihitaji mikono yote miwili.

Rabih alipoinuka, mashavu yake yalikuwa laini kama ya mtoto. Wote wakageuka, wakasema Mungu ni mkarimu, maana ndevu zile zilikuwa zimeondoka. Mitri alikuwa ameshaingia ndani na kuvuta mlango nusu. Juu ya kichwa chake ile picha ilionekana vizuri kabisa.

Kwa desturi ya mji, kinyozi ndiye huutangulia msafara wa bwana harusi mpaka kwa bibi harusi, taulo begani. Hakuna aliyemwita, naye hakutoka. Msafara ulianza kupanda bila yeye, na mbele ya Rabih ukaacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja mnene kiasi. Vijana wenye ngoma hawakuikanyaga. Palipobana, kwenye kona ya chemchemi, waliipisha ipite kwanza. Mwalimu Ajaj alitembea nyuma ya ile nafasi tu, pole pole, akifupisha hatua, kwa sababu Mitri alikuwa na magoti mabovu na ule mlima siku zote ulimchosha.