Kina Mama wa Itumbule Uwanjani

Wanjiro aliolewa Itumbule mwaka wa 1981, akitokea upande wa Murang'a. Mume wake, Mulei, alikuwa fundi wa magari kule Makindu na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hivyo siku nyingi Wanjiro alikaa na mama mkwe wake, Syokau. Syokau alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa kijiji, na hakuwa mtu wa maneno. Kikamba cha pale Wanjiro alikisikia nusu nusu, maana kina undugu na Kikuyu chao. Lakini wanawake walipocheka pale mtoni wakichota maji, hakujua kama ni yeye anayechekwa, na alirudi na mtungi wake mgongoni akiwa amekunja uso.

Mwaka uliofuata, shule ya msingi iliita mkutano wa wazazi, na Syokau akaenda naye. Mwalimu mkuu, Mwangangi, alieleza kwamba mwalimu aliyefunza wasichana mchezo wa netiboli amehamishwa. Katika mashindano ya zoni yaliyopita, wasichana wa Itumbule walikuwa wamefungwa mpaka watazamaji wakachoka kupiga makofi.

"Kama kuna yeyote hapa anayejua huu mchezo, aje atusaidie," alisema. "Mshahara hakuna. Chai iko."

Watu wakacheka. Wanjiro, ambaye hakuwa amewahi kufungua mdomo mbele ya kijiji, aliinua mkono.

"Mimi nilicheza netiboli shuleni, mwalimu. Nilikuwa nacheza katikati. Naweza kuja jioni."

Vichwa vyote viligeuka. Kalondu, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, alimwinamia jirani yake akasema kwa Kikamba, na siku hiyo Wanjiro alielewa kila neno: "Huyu hata mtoto hajazaa, na anataka kufunza wetu kurukaruka?"

Njiani kwenda nyumbani, walipofika kwenye ua wa mkonge, Syokau alipunguza mwendo.

"Jioni kuna ng'ombe wa kukamuliwa," alisema.

"Najua, mama."

Walitembea kidogo tena.

"Basi nitamkamua mimi," akasema Syokau.

Wanjiro alianza wiki hiyo hiyo. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, kimejaa mawe na miiba, na wasichana walicheza miguu mitupu huku macho yakiwa chini badala ya kutazama mpira. Mulei aliposikia habari hiyo alifurahi kuliko alivyotarajia mkewe. Alikata vipande vya nondo kule gereji, akavikunja vikawa pete mbili, akazichomelea vizuri, akaja nazo kwenye basi pamoja na mpira wa ngozi uliokuwa mkuukuu kidogo lakini unajaa upepo. Mwalimu Mwangangi alichimbia milingoti mwenyewe.

Miongoni mwa wasichana alikuwako Mumbua, binti wa Kalondu, wa darasa la sita. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu, na alipoutupa mpira kwenye pete ilikuwa kana kwamba anauweka tu mahali pake. Wanjiro alijua hapohapo kwamba timu itajengwa juu ya huyu. Lakini hata kabla ya mwezi kwisha Mumbua akaacha kuja mazoezini.

"Mama amekataa," alisema Mumbua, Wanjiro alipomuuliza. "Anasema maji ni mbali."

Wanjiro alimkuta Kalondu uani kwake, akipepeta ndengu.

"Karibu, mke wa Mulei. Kaa. Najua kilichokuleta."

"Nimekuja kumwombea Mumbua ruhusa, mama. Ana kipaji."

"Na mtoni atashuka nani akiwa anacheza? Wewe?"

"Mimi," alisema Wanjiro.

Kalondu aliacha kupepeta akamtazama. Alidhani ni mzaha. Lakini kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, Wanjiro alifika na punda wa Syokau akiwa amebeba mitungi iliyojaa, akaishusha mlangoni, akasalimu, akaenda zake. Siku iliyofuata akafanya hivyo tena. Kalondu akaona haya, maana yeye alikuwa mtu wa kusaidia wengine na hakuzoea kusaidiwa.

"Inatosha," alimwambia alipomwona anakuja na punda tena. "Mumbua atakuja huko kwenu, ila si kila siku. Na wewe, kwa sababu unapenda kazi hivi, Alhamisi tuko na mwethya kwa Mutindi. Njoo na jembe."

Wanjiro aliijua mwethya kwa kuiona tu kwa mbali: kina mama wakikusanyika kwenye shamba la mmoja wao, wakilima pamoja, wiki nyingine wakahamia kwa mwenzake. Alhamisi hiyo walikuwa wakichimba mtaro wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Aliingia kwenye mstari, akachimba. Kwao Murang'a milima ni mikali kuliko ya Itumbule, na kazi ya mitaro aliijua tangu utotoni. Kina mama walikuwa wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia kwa jembe, na baada ya muda Wanjiro naye akawa anaitikia, maneno mengine akiyakosea. Mutindi, mwenye shamba, alicheka hadi akakaa chini.

"Unajua umesema nini?" alimuuliza. "Umesema mbuzi wa chifu ameolewa."

Safari hii Wanjiro alijua wanamcheka yeye, na akacheka nao.

Walipopumzika kunywa uji, mpira ulikuwa pale kwenye kikapu chake, kwa sababu alikuwa apitie shuleni jioni. Mutindi aliutoa, akaugeuzageuza, akamrushia mwenzake. Yule akashtuka, akaurushia mwingine. Punde si punde ukawa unazunguka juu ya vichwa vyao, leso na vitambaa vikianguka. Kalondu aliutupa kwa nguvu nyingi mno, ukapaa kuelekea mtaroni. Syokau, aliyekuja kulima na wenzake na sasa alikuwa amesimama kando na bakuli la uji, aliinua mkono wake mmoja akaudaka hewani. Uji haukumwagika.

Wote wakaanza kupiga vigelegele. Syokau aliutazama mpira mkononi mwake kama kitu alichookota njiani.

"Mama," Wanjiro alisema polepole, "wewe tungekuweka karibu na pete."

"Pete gani?"

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Wanjiro aliwaeleza mchezo kwa kuchora kwenye udongo na kijiti: nani anasimama wapi, na kwamba ukishadaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Kabla ya kushika majembe tena walikuwa wamekubaliana kwamba siku ya kufunga shule kina mama watacheza na wasichana. Kalondu ndiye aliyesisitiza kuliko wote. "Tuwaonyeshe hawa watoto," alisema.

Lakini kwanza alitaka kuuona uwanja. Alipouona alikasirika.

"Watoto wetu wanachezea hapa?"

Jumamosi kikundi kizima kilikuja na majembe, mapanga na mikokoteni. Waliokota mawe wakayapanga ukingoni yawe viti vya watazamaji, wakang'oa miiba na kusawazisha vishimo. Mwalimu Mwangangi alipofika na birika la chai alikuta ardhi nyekundu iliyo laini, nao wanabishana kama mistari ichorwe kwa jivu au kwa chokaa.

Siku ya kufunga shule kijiji kizima kilihudhuria. Wasichana walivaa sare zao. Kina mama walifunga leso viunoni juu ya marinda, wakavua viatu, wakaingia uwanjani wakiimba wimbo wa mwethya. Mwangangi alikuwa refa, na filimbi yake haikupumzika, kwa sababu kila mama aliyedaka mpira alikimbia nao.

"Mama Mutindi, simama hapo!"

"Nimesimama, mwalimu."

"Umesimama sasa. Rudisha mpira."

Syokau alikaa chini ya pete, hakusogea popote, na kila mpira uliokuja juu ulikuwa wake. Wa kwanza alioutupa ulipita katikati ya pete bila kugusa chuma. Wazee waliokuwa wameketi kwenye mawe walisimama. Upande wa pili, Kalondu alikuwa amejipa kazi ya kumzuia binti yake. Alimfuata kila aendako, mikono juu, akihema. Mumbua alijifanya anaenda kushoto, Kalondu akaenda kushoto, na msichana akawa kulia peke yake, akafunga. Mara nyingine alirudi nyuma hatua moja tu, akatupa juu ya mikono ya mama yake. Baada ya bao kama hilo Kalondu alisimama, mikono kiunoni, akamtazama mtoto wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Hayo ulijifunza wapi?" aliuliza.

"Hapa, mama. Cheza, mpira unakuja."

Wasichana walishinda, na kwa mbali. Kalondu alikuja ukingoni akiwa amelowa jasho, akajitupa chini kando ya Wanjiro.

"Maji nitachota mwenyewe," alisema alipopata pumzi. "Huyu awe anakuja kila siku."

Mashindano ya zoni yalifanywa Mbumbuni muhula uliofuata. Kina mama waliondoka alfajiri kwa miguu, na chakula kwenye vikapu, wakajipanga upande mzima wa uwanja. Wasichana wa Itumbule walikutana na shule ileile iliyowafedhehesha mwaka uliotangulia. Hadi mwisho walikuwa sawa. Kalondu alipiga kelele sana hata refa akasimamisha mchezo kumwonya. Kisha mpira ukatoka katikati, ukapita mikono kadhaa, ukamfikia Mumbua. Refa akapiga filimbi, akamsogeza kando msichana aliyekuwa akimzuia. Mumbua alichukua muda wake. Alipotupa, Wanjiro alifumba macho, na alijua umeingia kwa sababu Mutindi alimwangukia shingoni.

Katika ngazi ya juu zaidi walifungwa vibaya na timu ya shule ya bweni iliyokuja na viatu vya michezo, na hakuna aliyehuzunika sana. Wakati huo kina mama wenyewe walikuwa wameshaanza kucheza Ijumaa, na wa vijiji vya jirani wametuma salamu wakitaka mechi.

Lakini siku ile ya Mbumbuni, walipokuwa wakirudi jua likielekea kushuka, wasichana wakiimba mbele, Syokau alimshika mkwewe mkono.

"Ile filimbi ya mwisho kabla ya bao," alisema. "Yule msichana wao alikuwa amemgusa Mumbua au hakumgusa?"

"Hakumgusa, mama. Kosa lake lilikuwa kusimama karibu mno."

"Alimgusa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale."

"Mama, refa mwenyewe alisema."

"Refa yule haoni," alisema Syokau. Akaanza kumweleza kwa nini, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mwaka mzima, na hawakuwa wamemaliza kubishana walipofika nyumbani na kumkuta ng'ombe akilia langoni.