Chumba cha Juu Nyumbani kwa Mama Borghild

Turid aliipanga safari hiyo kwa miaka miwili. Alitaka baba yake, Oddvar, alale angalau usiku mmoja katika nyumba ya mama yake, Borghild, alimozaliwa, kabla macho hayajamwisha kabisa. Mzee alikiacha kisiwa kile cha kaskazini mwa Norwe akiwa na miaka ishirini na tatu, akaenda kupasua mbao Kanada, na hakurudi tena. Sasa alikuwa na themanini na moja. Njiani kote alimsimulia mjukuu wake, Maren, habari za chumba cha juu, jinsi mvua ilivyopiga paa karibu na pua yako ukiwa umelala.

Kivukoni walipokewa na mdogo wake Oddvar, Sigmund, pamoja na mkewe, Gudrun. Wale ndugu wawili walipeana mikono kama watu waliokutana benki.

"Umezeeka," alisema Sigmund.

"Na wewe umenenepa."

Wakacheka kidogo. Turid akashusha pumzi.

Lakini gari halikupanda kilimani, kwenye nyumba ile. Lilipinda, likasimama kwenye kambi ya watalii, mbele ya kibanda cha mbao chenye vitanda vya ghorofa.

"Mtalala hapa," Gudrun alisema, akimkabidhi Turid ufunguo. "Choo ni kile kule, cha wote. Nyumba ya mama kule kilimani tumewapangisha Wajerumani mpaka mwezi wa nane."

"Baba mdogo, si nilikuandikia tangu Januari?"

"Uliandika," Sigmund akajibu. "Wenzako waliandika Novemba."

"Na kwenu hamna nafasi?"

"Kuna chumba kimoja," alisema Gudrun, "ila nimeweka mashine yangu ya mazoezi."

Oddvar akasema panamtosha. Alilala kitanda cha chini, na koti lake mwilini.

Asubuhi Turid alipoamka, kitanda cha baba yake kilikuwa kitupu. Alimshika Maren mkono wakapanda kilima mbio, wakipita vichanja vya kukaushia samaki, akimwazia mzee ameanguka mahali. Walimkuta jikoni kwa Wajerumani. Alikuwa ameketi mezani, mbele yake kahawa na mkate wenye jibini ya kahawia, akiwaonyesha watoto wawili wasiomjua pale jiko la kuni la mama yake lilipokuwa.

"Alikuwa anachungulia dirishani," mama wa Kijerumani alisema. "Tukamwambia aingie. Mwache alale chumba cha juu leo. Watoto wetu watalala sebuleni, hawana neno."

Kabla Turid hajashukuru, mlango ulifunguliwa, akaingia Sigmund, amewafuata baada ya kukuta kibanda hakina mtu. Hakumsalimu kaka yake. Aliwageukia Wajerumani.

"Samahani sana. Huyu mzee hatawasumbua tena."

"Hatusumbui," alisema yule mama. "Tunataka alale hapa."

"Haiwezekani. Mkataba ni wa watu wanne."

Oddvar alimaliza kahawa yake taratibu, akainuka, akarudisha kiti mahali pake. Nje, Turid alimzuia baba yake mdogo njiani.

"Amekukosea nini? Usiku mmoja tu."

"Muulize," alisema Sigmund. "Mama alilala kitandani miaka sita. Mimi ndiye niliyemgeuza, mimi ndiye niliyemwosha. Kila asubuhi ananiuliza, 'Oddvar ameshafika?' Kila asubuhi, Turid. Wala hakuwahi kuniuliza kama mimi nimekula. Nikamwandikia kaka barua tatu. Mazishi nayo nikamwandikia."

Turid alimtazama baba yake.

"Mwaka ule kazi zilikuwa nyingi," mzee alisema. "Nauli nayo haikupatikana."

Sigmund alitikisa kichwa, akashuka kilima bila kuaga.

Mwaka bibi yake alipokufa, Turid alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliukumbuka vizuri kuliko miaka mingine yote ya utoto. Walikwenda Meksiko wiki tatu, yeye na wazazi wake, baba akarudi ameungua mabega kwa jua. Barua zile Turid hakuwahi kuziona.

Waliondoka kesho yake, siku tisa kabla ya wakati. Gudrun aliwaletea mkate wa njiani, akauacha mlangoni bila kubisha. Kivuko kilipong'oa nanga, Maren alitaka kupanda juu akapunge mkono.

"Umpungie nani?" babu yake akamuuliza.

Mtoto akakaa. Turid alikuwa upande wa pili wa meza, akijaribu kumhurumia baba yake kama alivyomhurumia juzi, na hakuweza.

"Niagizie kahawa," mzee alisema.

"Kaunta ile pale, baba," akamjibu.