Jino Lililopiga Mluzi

Kabla ya semina ya mwaka 2001, Masama yote ilimjua Ester, mtabibu wa meno, kwa jina la Koleo. Ukimpelekea jino bovu linang'oka, maneno mengi ya nini? Kisha wakamwita Moshi mjini wiki mbili, wakamfundisha njia ya upole, isiyotaka mashine, sindano wala umeme. Unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, unaziba tundu kwa saruji ya meno, unakandamiza kwa kidole mpaka ishike. Jambo moja tu lilimkera. Tundu likiwa refu, mkufunzi alisema, usichimbe mpaka mwisho, utagusa kiini na jino litakufa. Acha uozo kidogo chini, funga vizuri, wadudu watakosa chakula na kulala humo humo. Ester alikuwa mtu wa kusugua sufuria mpaka masizi ya mwisho. Kufungia uchafu ndani kulimtia kinyaa.

Mgonjwa wa kwanza wa njia hiyo aliletwa na bibi yake, asubuhi, katika darasa lililogeuzwa kliniki. Alikuwa Joyness, miaka kumi na mitatu, ameshika shavu.

"Shikamoo, Bibi," Ester akasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mpe dawa ya maumivu tu. Usiling'oe, wala usilizibe."

Ester akapandwa na hasira. Hasira zake hazikuwa mbali siku zote.

"Bibi Aikaeli, mtoto hawezi hata kunywa maji ya baridi. Nikiliacha wazi, mwezi ujao halitazibika tena, nitarudi kwenye koleo. Sasa unataka nini hasa?"

Bibi alimtazama mjukuu wake. "Mwambie."

"Linapiga mluzi," Joyness akasema. "Babu yuko humo."

Ester alicheka. Akacheka peke yake.

Hadithi ya Eliufoo, mume wa Aikaeli, aliijua kila mtu. Mwaka wa El-Nino alishuka tambarare ya Kahe kuangalia mahindi yake, mto ukamsomba, na mwili haukuonekana. Mchagga huzikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba yake. Akizikwa mbali, angalau udongo wa kaburi lake huletwa nyumbani. Eliufoo hakuwa hata na kaburi la kuchotea udongo. Nafasi yake, kando ya baba yake, ilikuwa imezungushiwa isale, mmea wa heshima, miaka minne, ndani hamna mtu.

"Anasema ana baridi," Bibi akaendelea. "Mtoto ananiletea maneno yake. Ananiita jina la usichana wangu, ambalo huyu hajawahi kulisikia. Nangoja aseme alipo, nikamchukue. Ukiziba, nitamuuliza wapi?"

Ester alimwonea huruma sana. Akainama juu ya kinywa cha mtoto, apate la kufanya, na hapo akausikia. Ulikuwa mluzi mwembamba wa wimbo wa kanisani, wa taratibu, kama wa mtu anayepogoa kahawa. Joyness alikuwa amebana pumzi.

Ester akarudi nyuma hatua moja.

"Dokta, ziba," mtoto akasema, machozi yakimtoka. "Nimechoka kumbeba."

Ester alikuwa na ukweli wa semina tu. "Bibi, tundu ni refu. Siwezi kuchimba mpaka mwisho. Kidogo kitabaki chini, nitakifungia humo."

"Kitabaki?"

"Kitabaki."

Bibi alimgusa mtoto shavu. "Na mtoto mwenyewe anaishi kihambani," akasema polepole. "Basi atakuwa nyumbani. Mzike humo."

Ester akapanga pamba, akakwangua. Kila kijiko kilipotoka, mluzi ulishuka. Akachanganya unga wa saruji na maji yake, akajaza tundu, akapaka kidole mafuta, akakandamiza. Chini ya kidole kitu kilisukuma juu mara mbili, bila nguvu, kisha kikatulia. Bibi alifungua fundo la khanga, akatoa udongo mweusi wa kihambani, akaurusha sakafuni mara tatu. Ester alijikuta anasema amina.

Baada ya miezi sita alirudi kukagua kazi yake. Joyness alikuja peke yake, kichwa kimenyolewa. Bibi Aikaeli alikuwa amefariki, amezikwa vizuri, jirani na ile nafasi tupu.

"Pole sana, mwanangu. Fungua nione."

Saruji ilikuwa imara, haina hata ufa, na Ester alijisikia fahari. Kisha akaona jino la nyuma yake. Mara ile lilikuwa zima, aliandika mwenyewe kwenye kadi. Sasa lilikuwa na tundu la duara, refu na jeusi.

"Linauma?"

"Haliumi." Joyness alilamba midomo. "Ni Bibi. Anasema kule udongoni alimtafuta mumewe, hakumkuta. Anaomba umfunge hapa jirani."

Ester alichukua kijiko, akakirudisha mezani, akakichukua tena. Hakutaka kuuliza, lakini aliuliza.

"Joyness, ni hao wawili tu?"

Mtoto alifumba kinywa, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Hapana, Dokta. Wengine wako kwenye foleni."