Feni ya Kompyuta ya Salat

Salat aliitua kompyuta mezani kwa Idman, fundi mwanamke wa pekee katika soko la Garissa. Mkono wa kanzu ya Salat ulikuwa umekaukiwa na damu.

"Abaayo, dada yangu, hii inanguruma kama mashine ya kusaga posho, kisha inazimika. Kamera ya duka letu inarekodi humu. Jana Kadar, yule jirani yetu, alimchoma ndugu yangu kisu mle dukani, na polisi wanataka picha."

Idman aliiwasha, akafungua ubavu wake, akagusa kitovu cha feni kwa ncha ya penseli. Feni ikasimama, na kelele ikakatika.

"Diski yenye picha ni nzima. Ni feni tu."

Akazima, akachomoa waya, akaitikisa feni. Mhimili ulikuwa umelegea, grisi imekauka na kushikana na vumbi.

"Haipozi kompyuta, ndiyo maana inajizima."

Alikuwa akikaza skrubu ya mwisho ya feni nyingine Kadar alipoingia na panga. Hakutoa salamu. Pigo la kwanza lilipasua ukingo wa meza, la pili likamchana Salat begani. Salat akamrukia, wakaanguka juu ya vioo vya simu mbovu sakafuni. Kadar akamkalia kifuani, akainua panga. Idman akanyanyua betri ya gari kwa mikono miwili, akamshushia kwenye kiwiko. Mfupa ulivunjika kwa sauti. Wauza nguo wa jirani wakaingia mbio, wakamfunga Kadar kwa waya.

Salat alikuwa akivuja damu, lakini alikataa kupelekwa hospitali. "Washa kwanza."

Mashine ikawaka kimya. Wakatazama. Ndugu yake Salat ndiye aliyechomoa kisu, akajaribu kumchoma Kadar mara mbili, akamkosa. Kadar akampokonya, akamchoma.

"Nilijua mngewapelekea polisi kipande cha mwisho tu," Kadar alisema pale chini, akilia.

Salat alimgeukia Idman. "Abaayo, futa ule mwanzo."

"Sifuti."

Salat akaokota panga. Wauza nguo wakarudi nyuma. Idman alianza kunakili picha zote, bila kugeuka.

"Nikate basi, Salat. Mimi nimekukosea nini?"

Panga lilimponyoka Salat, kisha naye akaanguka. Alikuwa amezimia kwa kupoteza damu; wauza nguo wakambeba hadi hospitali.

Jioni hiyo Idman alipeleka rekodi nzima kituoni. Ndugu yake Salat alipona, naye akashtakiwa pamoja na Kadar. Mpaka leo Salat akikutana na Idman sokoni, hamsalimu.