Beki wa Mlangoni kwa Bi Masouda

Bi Masouda alikuwa jikoni kwake Azaiba, mtaa wa Maskati, anatia iliki kwenye chai ya maziwa, mpangaji wake wa juu aliposhuka kumwambia kwamba tangi la maji limekauka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mpangaji alisimama hapo kizingitini, na nzi waliokuwa wakiingia na kutoka tangu asubuhi wakabaki nje, nyuma ya mgongo wake. Walijaribu kushoto, wakajaribu kulia, kisha wakatua ukutani. Bi Masouda aliwatazama, akamtazama na yeye, akamwambia akae kitako anywe chai.

Mpangaji aliitwa Asger Lund. Alikuwa Mdenmark, beki wa kati, na mwaka ule wa 1997 alikuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja. Klabuni walimwita Asghar, jina lililowajia kwa wepesi, ijapokuwa maana yake ni mdogo kabisa na yeye aliinama kwenye kila mlango wa Maskati.

Kwao alikuwa amecheza tangu utotoni katika mji mmoja wa pwani ya Jutland, wenye upepo usiokatika. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mpira haupiti alipo. Hakuwa na mbio, na kichwa chake hakikuwa cha ajabu. Washambuliaji walikuja na mpira mguuni, wakafika kwake, na mpira ukabaki. Magazeti ya kule yaliandika kwamba anajua kujipanga. Alioa mwanamke aliyeitwa Kirsten, na baada ya miaka michache Kirsten alimwambia, kwa upole, kwamba kila anapotaka kumfikia hapati pa kupita. Akahama na mbwa wao. Msimu uliofuata Asger alikubali kuja Omani.

Klabu ya Maskati ilimpokea vizuri. Timu haikufungwa tena. Lakini mipira iliyotoka kwa kipa wao nayo ilikuwa na kazi kumpita Asger, basi mbele haikufika, na mechi zikaisha bila kwa bila, wiki baada ya wiki. Watu wakaacha kwenda uwanjani. Kocha hakuwa na la kumlaumu. Alimshika bega, akamwambia neno kwa Kiarabu, na Asger akaitikia kwa kichwa bila kuelewa.

Kiarabu hakikumwingia. Kilichomwingia ni Kiswahili, kwa sababu ndicho alichosemeshwa. Bi Masouda alizaliwa Tabora, akaolewa Unguja, akaja Omani na mumewe na mtoto wakati watu wenye asili ya huko walipokuwa wanarudi. Mume alikufa. Mtoto, Mutasim, sasa alikuwa mkubwa wizarani na nyumba yake ilikuwa Al Hail, mwendo mfupi kwa gari. Bi Masouda alikaa peke yake nyumba ya chini, na jioni alipoona kimya kimemzidi alimwita Asger ashuke. Akamwonyesha bilauri, sinia, birika, na kumsahihisha.

"Usiseme ninakwenda kama unasoma kitabu. Sema nnakwenda."

"Nnakwenda," Asger alisema.

"Ehe. Unakwenda wapi?"

Asger alifikiri. "Sina pa kwenda."

"Basi kaa."

Siku moja alimweleza habari za Mutasim. Wizarani, alipoanza kazi, wenziwe walimcheka kwa namna anavyotamka, wakamwita Zinjibari. Akajirekebisha mpaka hakuna aliyeweza kumtambua. Watoto wake hakuwafunza Kiswahili hata kidogo. Siku ya milka, kufungishwa ndoa, ya binti yake mkubwa, wageni walipokuwa wanateremka kwenye magari, alimwendea mama yake pembeni, akamwambia, "Mama, leo sema Kiarabu. Kama huwezi, nyamaza." Kiarabu cha Bi Masouda kilikuwa cha kusalia na cha kununulia samaki. Alikaa baina ya wanawake waliopakwa hina, akatabasamu usiku kucha, na walioondoka waliambiana kwamba maskini yule mama ni bubu.

Mwaka 1999 Bi Masouda aliugua. Moyo ulikuwa umechoka na figo zinaufuata. Daktari alimwambia Mutasim kwamba hakuna zaidi la kufanya, bora mama akae nyumbani na watu wake. Mutasim alimleta msichana wa kumtunza, Mkenya kutoka Nyeri aitwaye Shiro, na yeye mwenyewe akawa anakuja kila siku baada ya kazi. Alileta tufaha na mikate, akakaa kwenye kiti karibu ya kitanda, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi, simu mkononi. Hakusema sana. Bi Masouda alikuwa akitia wanja kila alasiri kwa ajili yake.

Wakati huohuo Asger aliumia goti. Ngazi zilimtesa, kwa hiyo akashusha kiti chake, akawa anashinda kwenye mlango wa ukumbi wa chini, mguu ameunyoosha. Ndipo alipomwona mgeni.

Alikuwa mtu wa makamo, kanzu nyeupe isiyo na doa, amevua viatu tangu getini. Alitoa salamu, akataka kuingia. Asger hakujua ni nani, lakini alijua anakokwenda, kwa kuwa aliangalia kiuno chake. Macho ya mtu hudanganya na miguu hudanganya, kiuno hakidanganyi. Mgeni alielekea kushoto, akamkuta Asger. Akaelekea kulia, akamkuta. Hapakuwa na kusukumana. Shiro, aliyekuwa anaanika mashuka, alimuuliza mgeni kama atakunywa maji. Mgeni alishukuru, akasema atarudi, akavaa viatu vyake. Wiki ile kulikuwa na msiba nyumba ya tatu.

"Huyo mtu anakujanga kila siku," Shiro alimwambia Bi Masouda. "Na Asghar hamwachi apite."

Bi Masouda aligeuza uso kuelekea mlangoni. "Yule ametumwa," alisema. "Si wa kuzuiwa na mcheza mpira."

"Amezuiwa, mama."

"Basi labda na huko kuzuiwa kumeandikwa."

Alianza kupata nafuu. Akala wali, akakaa kitako, akamkaripia Shiro kwa kuunguza vitunguu. Daktari alipokuja alimpima mara mbili, akasema figo ni zilezile na moyo ni uleule, lakini mgonjwa hafi. Mutasim aliuliza sababu, na Shiro akamwelekeza kwenye kiti cha mlangoni. Mutasim alimtazama Asger sana. Siku iliyofuata alimletea mto wa kuegemea.

Baada ya hapo hakuja tena kila siku. Alikuja Ijumaa. Kisha akawa anapiga simu Ijumaa.

"Asghar yupo mlangoni?" alimuuliza Shiro.

"Yupo, baba."

"Alhamdulillahi," alisema Mutasim, na simu ikakatika.

Bi Masouda aliendelea kutia wanja alasiri, halafu akaufuta kabla ya magharibi.

Goti lilipopona Asger alisafiri na timu kwenda Salalah. Alipokuwa huko, mgeni aliingia hadi ukumbini. Hakufika chumbani, lakini Bi Masouda alilegea, midomo ikageuka rangi, na Shiro akapiga simu akilia. Mutasim alifika mbio, kilemba mkononi. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mama yake. Hofu ilimtoa Kiarabu chote. Alimwambia, "Mama usiniache, mama nnakuomba," kwa sauti ya kitoto ya mtaa wa Unguja waliokaa zamani, akamshika mkono, akamkumbusha paka wao na jirani aliyekuwa akiuza ubuyu. Bi Masouda alimsikiliza macho ameyafumba. Alikuwa karibu sana na kufa na hakuwahi kufurahi hivyo tangu aje nchi hii.

Asger aliporudi na begi lake, alikaa kitini kama kawaida. Mgeni alitoka kumpisha. Bi Masouda alifumbua macho. Mutasim alisimama, akakunjua dishdasha, akapiga simu kwa Kiarabu kusema kwamba atakuwepo kazini kesho.

Siku chache zikapita. Bi Masouda alimwita Asger karibu.

"Asghari. Ukikaa pale, yule haji, na Mutasim naye haji."

"Nimeona, bibi."

"Alhamisi ondoka mlangoni. Nenda pwani katembee."

Asger alikwenda pwani ya Azaiba, akatembea peke yake mpaka jua likawa kali, akarudi. Alipofika, Mutasim alikuwa ameinama juu ya kitanda anasema Kiswahili. Asger alibaki nje ukutani kwa muda ili wazungumze zaidi. Katika ulinzi kuna wakati beki husogea mbele kwa makusudi na kumwacha mshambuliaji nyuma yake ili aotee, naye huwa na hesabu zake. Asger alizijua hesabu hizo. Hakupenda kuzifanya kwa Bi Masouda, lakini alimwona alivyong'aa.

Walifanya hivyo mwaka mzima na zaidi, kila upweke ulipomzidi. Mutasim alikuja mbio, halafu akaja kwa mwendo wa kawaida, halafu akaja amechelewa. Alikuwa mtu mwenye akili. Aligundua kwamba mama huzidiwa Asghar akitoka na hupona Asghar akirudi.

Asubuhi moja mwaka 2001, Asger akiwa amesimama barabarani mbele ya duka la mkate kama alivyoombwa, Shiro alipiga simu wizarani.

"Baba, mama amezidiwa. Leo ni mbaya kabisa."

"Asghar yuko wapi?"

"Yuko tu hapo kwa road. Mama ndiye amemwambia atoke."

"Mwambie arudi mlangoni. Mimi nna mkutano. Nitapita kesho, inshallah."

Simu ilikuwa ya sauti kubwa na chumba kilikuwa kidogo. Bi Masouda alisikia. Shiro alitoka bila viatu kumwita Asger, na Asger alikuja kwa ile mbio yake ya pole.

Mgeni alikuwa ameshaingia chumbani, amesimama miguuni mwa kitanda, mikono ameikunja. Asger alijipenyeza baina yao. Mgeni hakubishana, alirudi nyuma hatua moja, akangoja kama siku zote.

"Asghari," Bi Masouda alisema. "Nipishe, mwanangu."

Asger hakuondoka. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwomba hilo, maana wengine walijaribu tu kumpita.

"Mutasim atakuja kesho," alisema.

"Nimesikia. Nipishe."

"Nikikupisha, nitakaa na nani?"

Bi Masouda alilifikiria swali hilo kwa haki, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Hakutaka kumdanganya. Alimwomba Shiro kanga yake ya kutokea. Asger alisogea, bega moja kisha la pili, na kwa mara ya kwanza palikuwa na nafasi pembeni yake. Bi Masouda aliinuka, akajitanda, akatoka na mgeni wake. Alipofika usawa wa Asger alimgusa mkono. Mgeni alitoa salamu na Asger akaitikia. Walipita ukumbini, jikoni, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kitandani mwili ulikuwa umelala, uso umegeukia dirishani. Shiro alimfunga kidevu kama alivyofundishwa na Bi Masouda mwenyewe.

Mutasim alifika kabla ya adhuhuri, ule mkutano ukiwa haujaisha. Alisimama mbele ya Asger na kumsemesha kwa Kiarabu, muda mrefu, sauti inapanda na kushuka.

"Anauliza kwa nini ulimwacha apite," Shiro alisema.

"Aliomba," Asger alijibu kwa Kiswahili.

Mutasim alielewa bila kutafsiriwa. Aligeuka, akaenda kupiga simu za mazishi.

Msiba uliwekwa Al Hail, kwenye nyumba kubwa. Asger alikwenda siku ya pili na shati la mikono mirefu. Majlisi, sebule ya wanaume, ilijaa watu wa wizarani. Walisema kwa Kiarabu kwamba Mutasim hakumwacha mama yake hata dakika, na Mutasim, macho yamevimba, aliinamisha kichwa. Asger alimfikia kwa zamu yake kwenye mstari, akampa mkono.

"Makiwa," alisema.

Neno lilisikika chumba kizima. Baadhi ya wazee walioketi mwisho waliinua nyuso, kisha wakaziinamisha. Mutasim alilijua neno lile na alilijua jibu lake. Kisha akasema kwa Kiarabu, "Mungu akulipe kheri, tafadhali kaa," akampa mkono mtu aliyefuata.

Asger alikunywa kikombe kimoja cha kahawa, akatoka. Uani, alipokuwa anavaa viatu, binti mdogo wa Mutasim alimjia. Aliitwa Atheer, alikuwa anasoma chuo kikuu, na alimsemesha kwa Kiingereza.

"Umemwambia nini baba?"

"Makiwa. Ndivyo wanavyosema kwa mfiwa."

"Akina nani?"

"Nyinyi," Asger alisema. "Bibi yako aliniambia ukiwa ni wa mtu mmoja. Watu wakija kukaa nawe, husema makiwa, uwe wa wengi."

Atheer alimtazama, halafu akatazama mlango wa majlisi. "Bibi alikuwa bubu," alisema.

Asger alifunga kamba za viatu. Alitaka kumweleza na hakujua aanzie wapi, basi alimfundisha lile neno. Atheer alilisema mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawasawa, kwa lafudhi ileile ya bibi yake. Akauliza mtu akiambiwa hivyo hujibu nini. Asger alifungua mdomo, na ndani Mutasim akaita jina la binti yake, kwa Kiarabu, mara moja tu. Atheer akaingia.