Kura Chini ya Tangi

Mwenyekiti wa bodi ya maji aliuma meno. Wajumbe walikuwa wameukataa tena mkopo wa kuimarisha nguzo za tangi kuu na kubadilisha mabomba makuukuu, ili vyote vihimili tetemeko. Aliyewavuta wenzake wakatae alikuwa shemeji yake mwenyewe, mwenye kiwanda cha barafu.

"Shemeji, tukikopa bili zitapanda, na watu watatula nyama," alisema huku akijichekea. "Tangi lile limewazika waliolijenga. Litatuzika na sisi."

Kabla hajajibiwa, meza ilianza kucheza. Glasi ziligongana, vumbi likamwagika kutoka darini, na waheshimiwa wakatoka mbio wakipigana vikumbo mlangoni. Hawakusimama mpaka kwenye kiwanja chenye kibao cha kijani cha kukusanyikia wakati wa hatari. Kiwanja hicho walikichagua wao wenyewe, kwa sababu kilikuwa wazi na karibu na ofisi.

Ardhi ilitulia. Tone la maji likamdondokea shemeji kwenye upara. Akainua macho taratibu, na wenzake wakamfuatisha. Tangi lilikuwa juu ya vichwa vyao, likilia kama mlango uliokosa mafuta, na ufa wa nguzo uliokuwa mwembamba kama uzi sasa ungemeza kiganja.

Mwenyekiti aliutazama ufa, kisha akawageukia wenzake.

"Tunarudia kura," alisema kwa sauti ya chini. "Anayeutaka mkopo anifuate. Asiyeutaka abaki hapa hapa."

Akageuka, akaanza kutembea. Hajafika hata getini, shemeji alikuwa ameshampita.